Saini ya kwenye simu: boksi la kijivu, kivuli, ukungu na kasoro nyingine zinatoka wapi, na zinatibiwaje

Ninaendesha steshenari ndogo: kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kuwajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Hakuna wiki inayopita bila mtu kusimama mbele ya meza, simu mkononi, akisema, "Kaka, saini yangu nikiiweka kwenye barua inakuja na boksi." Mwingine barua yake imerudishwa kwa sababu saini haisomeki. Mwingine mfumo umelikataa faili lake mara nne na mwisho wa kutuma maombi ni usiku huohuo.

Karibu wote wanailaumu programu. Mimi naiangalia karatasi kwanza. Kasoro nyingi za saini huzaliwa kwenye karatasi, kwenye peni na kwenye mwanga, kabla programu yoyote haijafunguliwa. Picha ikipigwa vibaya unaweza kukesha nayo kwenye kompyuta na bado itoke mbovu. Ikipigwa vizuri, kazi iliyobaki ni ya dakika tano.

Kwa hiyo kabla hujasoma dalili yako hapa chini, kama mwenye saini yupo na karatasi ipo, saini upya. Chukua karatasi nyeupe ya rimu isiyo na mistari na peni nyeusi, au ya bluu iliyokolea, inayotoa wino bila kukwama. Weka karatasi nyingine mbili tatu chini yake ili peni isigonge meza ngumu. Saini mara tano au sita, ukiziachanisha, kwa ukubwa uliouzoea. Kisha chagua ile inayofanana na saini yako ya siku zote, hata kama kuna nyingine iliyotoka nzuri zaidi.

Boksi la kijivu au la njano nyuma ya saini

Hili ndilo linaloongoza. Ukiifungua picha peke yake unaiona nyeupe. Ukiibandika kwenye barua, boksi linajitokeza.

Sababu kubwa ni mwanga. Kamera ya simu haijui kwamba inatazama karatasi nyeupe. Ikiona weupe umejaa kila mahali, inadhani mwanga umezidi na kuupunguza, ndiyo maana karatasi inatoka kijivu. Ukipiga usiku chini ya balbu ya njano, karatasi inatoka rangi ya chai ya maziwa. Jicho lako linasamehe kwa sababu unajua karatasi ile ni nyeupe. Ukurasa wa Word ni mweupe kamili, na ukiwekwa kando ya karatasi yako unaianika.

Anza hivi: piga mchana, karibu na dirisha au mlangoni, penye mwanga mwingi lakini jua lisiipige karatasi moja kwa moja. Gusa karatasi kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kipandishe mpaka karatasi iwe nyeupe huku wino ukibaki umekolea. Flashi izime. Inachoma katikati na kuacha pembeni giza, na wino ambao haujakauka unaurudisha mwanga ule ukaacha madoa meupe juu ya mstari.

Sababu ya pili ni aina ya faili. Picha za simu kwa kawaida huhifadhiwa kama JPEG, na JPEG haiwezi kubeba sehemu iliyo wazi. Kila nukta lazima iwe na rangi yake. Ukitaka karatasi iondoke kabisa ubaki wino peke yake, faili la mwisho lazima liwe PNG, aina nyingine ya faili la picha ambayo inaweza kubeba sehemu iliyo wazi.

Ya tatu huwapata wanaotumia kitufe cha Word kiitwacho "Set Transparent Color". Kinaondoa rangi moja tu, ileile uliyoigusa. Karatasi iliyopigwa picha ina weupe wa aina nyingi zinazokaribiana, kwa hiyo utaondoa mmoja na mabaka ya mwingine yatabaki. Kitufe hicho kitumie baada ya karatasi kuwa imeshasafishwa.

Kusafisha kwenyewe nakufanya kwenye GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Kata picha ibaki saini na nafasi kidogo pembeni, kisha fungua "Levels". Utaona mchoro wenye vilima viwili: kikubwa cha kulia ni karatasi, kidogo cha kushoto ni wino. Weupe kamili unahesabiwa 255, weusi kamili 0. Karatasi ya mteja mmoja juzi ilikuwa inasoma kama 190. Nilivuta kialama cheupe kutoka 255 hadi 180, kushoto kidogo ya kilima, na karatasi yote ikawa nyeupe pe. Kile cheusi nikakisogeza kutoka 0 hadi 40, wino ukakolea. Hapo ndipo nikatumia "Color to Alpha" nikichagua nyeupe, karatasi ikatoweka, nikahifadhi kama PNG.

Huna kompyuta? Kwenye Android, programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani. Kwenye iPhone ipo ndani ya Notes. Zote mbili zinang'arisha karatasi vizuri, na ukichagua nyeusi na nyeupe boksi hupungua sana.

Tahadhari moja hapa, na ninaisema kwa uzito: usikimbilie tovuti usiyoijua inayoahidi kuondoa mandhari bure. Picha ya maua si neno. Saini ukishaipakia kule, umemkabidhi mtu usiyemfahamu kitu ambacho benki inakutambua nacho.

Upande mmoja mweupe, upande mwingine una giza

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na picha kama ishirini za saini ileile. Zote zilikuwa na giza upande wa chini, na giza lenyewe lilikuwa na umbo la simu kabisa, hata kona zake za mviringo zilionekana. Alikuwa akipiga akiwa ameinama juu ya meza, taa ikiwa nyuma ya kichwa chake. Nilitoa stuli mlangoni, nikaweka karatasi juu yake, mwanga ukiingia kutoka ubavuni. Nikamwomba ainue simu kama sentimita 40 kutoka kwenye karatasi, kisha akuze mara mbili badala ya kuisogeza chini. Picha ya kwanza ilitosha.

Huo ndio ukaguzi wa kwanza: taa iko wapi, na wewe umesimama wapi. Kusogeza simu karibu sana kuna madhara mawili, kwamba inatupa kivuli na kwamba lenzi inashindwa kushika umbo kwa usahihi.

Kama karatasi imeshapotea na picha ya kivuli ndiyo pekee uliyonayo, "Levels" haitakusaidia, kwa sababu ukiling'arisha giza unaunguza upande mweupe. Njia ni kunakili tabaka la picha (GIMP inaliita "layer"), kulitia ukungu mzito kwa "Gaussian Blur" mpaka saini isionekane ndani yake, kisha kuliweka juu ya lile la awali kwa hali ya "Divide". Tabaka lenye ukungu linabaki kama ramani ya mwanga tu, na programu inaigawanya picha kwa ramani hiyo; kivuli kinasawazishwa. Baada ya hapo rudi kwenye "Levels" kama nilivyoeleza juu.

Mistari ina ukungu, vumbi au ngazi-ngazi

Uliza kwanza picha imepita wapi. Ukituma saini WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa ili isile bando, na kinachoumia zaidi ni ukingo wa wino. JPEG hubana picha kwa vipande vidogo vya nukta nane kwa nane. Palipo na mstari mweusi juu ya weupe, kipande kizima hutapakaa chembechembe za kijivu. Ndilo hilo vumbi unaloliona kuzunguka saini. Na kila ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena kama JPEG, linaongezeka. Dawa ni kuituma kama dokumenti, au kwa barua pepe, au kwa waya.

Ukishatoka hapo, futa lenzi. Kweli, futa kwa kitambaa cha pamba kisha upige tena. Simu inayokaa mfukoni na sarafu na mafuta ya mkono hutoa picha zenye ukungu na mwenyewe anaamini kamera imekufa.

Halafu pima ukubwa. Saini ya upana wa sentimita 6 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli (nukta za picha) 709 hivi kwa upana. Ukiikata kutoka kwenye picha ya skrini yenye pikseli 200 halafu ukaivuta ijae nafasi, ngazi zitaonekana tu, na hakuna programu itakayorudisha mstari ambao haukuwahi kurekodiwa. Kwenye skana ninaweka 600, kwa kuwa kupunguza baadaye ni rahisi.

Mwisho kabisa ichunguze Word yenyewe. Kwa kawaida hubana picha wakati wa kuhifadhi, hadi pikseli 220 kwa inchi kwenye mipangilio yake ya kawaida. Kwenye Options, sehemu ya Advanced, weka alama kwenye "Do not compress images in file" kabla hujaingiza saini.

Mstari unakatika-katika

Mara nyingi ni peni. Peni ya wino mzito inayokaribia kuisha huruka pale mkono unapokwenda kasi, na saini ni kitu cha kasi. Badilisha peni.

Kama kwenye karatasi mstari ni mzima na kwenye picha umekatika, umesafisha kupita kiasi. Wale wanaotumia "Threshold", inayogeuza kila nukta kuwa ama nyeusi ama nyeupe, hupoteza sehemu nyembamba ambako mkono uliinuka. Rudi kwenye picha ya awali (ndiyo maana hupaswi kuifuta) na usafishe kwa "Levels", polepole.

Hapa kuna jambo linalonigusa. Mzee mmoja mstaafu alikuja na saini iliyotetemeka, mkono wake umechoka. Kijana aliyemsindikiza akaniomba "niinyooshe" kwa kompyuta. Sikuinyoosha. Kutetemeka kule ndiko saini ya mzee ilivyo leo, na anayekwenda kuilinganisha atataka kuiona vilevile. Tulichofanya ni kumpa kiti, meza ya kimo chake, peni nene kidogo inayotiririka, na muda. Aliandika mara nne, akachagua mwenyewe. Ukisafisha, ondoa karatasi, kivuli na vumbi. Umbo la mstari usiliguse.

Mistari ya daftari au maandishi ya nyuma yanaonekana

Saini upya kwenye karatasi safi. Kama mwenye saini yuko safari na hilo daftari ndilo lililopo, angalia rangi. Saini nyeusi juu ya mistari ya bluu hafifu inaokoleka: ichambue picha katika rangi zake tatu, nyekundu, kijani na bluu, kisha tumia ile ya bluu, kwa sababu humo mistari ya bluu hufifia ikakaribia weupe na wino mweusi unabaki mweusi. Mstari mwekundu wa pambizo unafifia kwenye ile nyekundu. Saini ya bluu juu ya mistari ya bluu achana nayo.

Maandishi ya upande wa pili yanayopenyeza yanapungua ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa wakati wa kuskani.

Ukingo mweupe unaizunguka saini

Inaonekana zaidi pale saini inapopita juu ya muhuri au kwenye karatasi ya rangi. Nukta za ukingoni mwa wino ni mchanganyiko wa wino na karatasi. Kifutio cha kawaida kinazichukulia kuwa wino na kuziacha na weupe wake. "Color to Alpha" ya GIMP ndiyo inayouchuja weupe huo kutoka kila nukta, ndiyo maana naipendelea.

Saini imegeuka boksi jeusi, au imepotea kabisa

Usifute kitu kwanza. Programu nyingi za kutazamia picha kwenye simu zina usuli mweusi, na saini nyeusi isiyo na karatasi juu ya usuli mweusi haiwezi kuonekana. Ibandike kwenye ukurasa mweupe uone. Mara nyingi ipo salama.

Ikiwa hata kwenye ukurasa mweupe ni boksi jeusi, basi PNG yako iligeuzwa kuwa JPEG mahali fulani, na sehemu zilizokuwa wazi zikajazwa rangi nyeusi. WhatsApp ikituma kama picha hufanya ugeuzaji huo. Rudi kwenye PNG ya awali, uitume kama dokumenti.

Saini inahama kwenye Word

Umeiweka juu ya jina lako, umeongeza mstari mmoja kwenye aya, saini imeruka ukurasa wa pili. Word huingiza picha kana kwamba ni herufi kubwa ndani ya sentensi. Ibonyeze, nenda "Wrap Text", chagua "Behind Text" ili jina na mstari wa nukta visome juu yake, au "In Front of Text". Barua ikikamilika igeuze kuwa PDF kabla ya kuituma. Barua ya Word yenye saini inayohamishika inaweza pia kubadilishwa maneno na yeyote anayeipokea.

Ikiwa saini imenenepa au imerefuka, uliivuta kwa kishikio cha ubavuni. Vuta kwa kona.

Mfumo wa maombi unaikataa

Soma masharti yaliyoandikwa pale, kwa sababu kila mfumo una yake: aina ya faili, ukubwa kwa kilobaiti, wakati mwingine hata upana na urefu. Kosa la kawaida ni kupakia picha nzima ya kamera, megabaiti tatu au nne, ambayo sehemu yake kubwa ni meza. Kata ibaki saini, punguza upana hadi pikseli 700 hivi, na uzito utaanguka wenyewe. Wakidai JPEG, ipe usuli mweupe na uhifadhi kwa ubora wa 85 hadi 90. Usibadilishe jina la faili kutoka .png kuwa .jpg ukadhani umeligeuza; ndani bado ni PNG na mifumo mingi inaligundua hilo.

Kwenye skrini ni nzuri, ikichapwa inafifia

Printa ya leza ya rangi moja hutengeneza kijivu kwa vitone vyeusi vilivyoachana. Bluu hafifu kwake ni kijivu, na mstari mwembamba wa vitone unaonekana kama umefutika. Kwa barua zitakazochapwa nyeusi na nyeupe, tengeneza nakala ya pili ya saini yenye wino mweusi uliokolea.

Hapa simama

Kuna mambo ambayo mwenye steshenari hapaswi kuyagusa, na wewe usimwombe.

Picha ya saini haitoshi kwa kila hati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, ila inapotaja saini salama inadai iwe chini ya udhibiti wa mwenyewe na iunganishwe na hati kwa namna ambayo badiliko lolote baadaye litagundulika. Picha iliyobandikwa haifanyi hivyo. Kwa wosia, mauziano ya kiwanja au nyumba, hati ya kumpa mtu mamlaka juu ya mali yako, muone wakili kabla ya kubandika chochote. Kiapo unakisaini mbele ya kamishna wa viapo, kwa mkono wako. Benki ikisema saini haifanani na iliyo kwenye kumbukumbu zao, usiirekebishe picha ifanane. Nenda tawini na kitambulisho ukaweke saini mpya.

Usimtengenezee mtu saini bila yeye kuwepo. Kijana aliwahi kuniletea picha ya saini ya baba yake, ameikata kutoka kwenye risiti ya zamani, akitaka niisafishe niiweke kwenye karatasi ya mauziano ya shamba. Alisema mzee amekubali, na huenda alisema kweli. Nilimrudishia simu yake, nikamwambia amlete mzee mwenyewe na waende wote wawili kwa wakili.

Faili lako litunze kama unavyotunza muhuri wa ofisi. Faili la Word la kisasa kwa ndani ni furushi la zip. Mtu akilifungua hivyo anaikuta saini yako kwenye folda ya picha, safi, tayari kubandikwa kwingine. Na ukiikata picha ndani ya Word, sehemu uliyoikata inabaki imefichwa mpaka uchague "Delete cropped areas of pictures" kwenye "Compress Pictures". Kwa hiyo tuma PDF. Na kwa nyaraka nzito, chapa ukurasa wenye saini, uuskani kama picha moja, ndipo utume. Ukisafishiwa saini steshenari, kaa pale mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta na kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Kwangu namwonyesha mteja kioo aone mwenyewe.

Ukigundua saini yako imetumika mahali usipopajua, usianze kujadiliana na aliyeitumia. Hifadhi hati hiyo kama ilivyo pamoja na ujumbe uliokuja nayo, iarifu benki yako siku hiyohiyo, toa taarifa polisi upate namba ya taarifa, kisha ubadilishe saini yako kwenye benki na ofisi zote zinazoitumia kukutambua.